Mabaki ya vitenge: kushona miraba ya viraka na kuipanga ipendeze

Ukitaka vipande vya vitenge bila kununua hata robo yadi, pita kwa mafundi wa Moshi wiki ya pili ya Januari. Desemba nzima watu walikuwa wamerudi nyumbani: harusi Jumamosi, kipaimara Jumapili, ubatizo wa mjukuu katikati ya wiki, na kila shughuli na sare yake. Upande wa bibi harusi wana kitenge chao, kamati ina chake, mashangazi nao wamejitenga na chao. Mafundi wamekata magauni usiku na mchana, na chini ya kila meza ya kukatia limebaki lundo. Mikono ya puto na sketi za kumwagika zinakula kitambaa vibaya, zinaacha pembe na mikia isiyoweza kushona hata kola. Hiyo ndiyo mali yetu.

Fundi ninayemwendea yuko kwenye kibaraza upande wa Mbuyuni. Mazungumzo yetu ni yale yale kila mwaka.

"Shikamoo fundi. Yale mabaki ya sare bado yapo?"

"Marahaba, mama. Yapo, beba yote. Ila ukishabeba usinirudishie."

Siku hizi kuna kijana anayechukua mabaki kwa ajili ya kujazia mito ya makochi, kwa hiyo tumegawana: mikia mirefu na pembe kubwa zangu, makombo yake. Mfuko mmoja wa sandarusi wa kilo 25, ukiujaza ukaushindilia, unatosha kazi ninayoieleza hapa na unabaki.

Kazi yenyewe ni blanketi la viraka, lile ambalo kamusi hulitaja kwa jina la mfarishi, kwa kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6. Aina za miraba ya viraka ni nyingi. Nimechagua moja tu, ya tepe zinazoshonwa kwa mshazari juu ya kitambaa cha chini, kwa sababu inameza mabaki ya kila umbo na haikudai ukate kwa hesabu kali. Aliyewahi kushona nguo ya mtoto ataiweza. Kushona ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi. Kupanga ndiko kunakowashinda wengi, nami kulinishinda.

Kuchambua mabaki

Mwaga vyote sakafuni. Kwanza ondoa visivyo pamba. Kitenge cha pamba na cha poliesta vinaweza kufanana kabisa machoni, hasa vile vinavyong'aa, kwa hiyo usiyaamini macho. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike kwa kibano, uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kipunje kigumu kama punje ya mtama. Sisemi poliesta ni mbaya kwa gauni. Kwenye viraka, kipande kimoja kinachoyeyuka kitakuharibia pasi na vipande kumi vya jirani. Mimi nilijifunza kwa satini ya bitana niliyoona inapendeza mno, ikagandia chini ya pasi, na doa lake likahamia kwenye kila kitu nilichopiga pasi wiki hiyo.

Kisha fua vyote kwa maji ya baridi ili dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa, litoke. Kitambaa kipya kina dondo jingi, na likitoka kinarudi, yaani kinasinyaa. Afadhali kirudi sasa kuliko baada ya kushonwa. Vile vyekundu, vya zambarau na vya buluu iliyoiva vijaribu peke yake: lowanisha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, gandamiza kwa pasi ya moto. Kikiacha rangi, kifue mara ya pili na ya tatu. Kikiendelea kuchuja, mpe kijana wa mito.

Kipande kinachofaa kina upana wa inchi 1 na nusu hadi 3. Urefu wowote unatumika, na hata kipande cha kidole kitapata kazi kwenye kona. Usihangaike kuvinyoosha viwe sawa. Tepe iliyo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili inaupa mraba uhai. Miraba ambayo tepe zake zote ni sawasawa inafanana na zulia la ofisini.

Weusi na weupe

Blanketi langu la kwanza nilipanga kwa rangi. Kijani na kijani, machungwa na machungwa, kila kipande nakipenda kwa jina la harusi yake. Nikiwa nimeinama juu ya cherehani lilikuwa zuri kupita kiasi. Nikalitandika, nikaenda kusimama mlangoni, nikaona lundo la madekio.

Nilihangaika nalo hadi jioni moja umeme ulipokatika. Miraba ilikuwa bado imetandazwa sakafuni, jua limeshazama, na kile kiza cha magharibi kikafuta rangi zote. Hapo ndipo nikaona. Kijani na machungwa niliyodhani vinapigana vilikuwa kitu kimoja, kijivu juu ya kijivu. Hapakuwa na chochote cha kulishika jicho, kwa sababu vipande vyangu vyote vilikuwa vya mkolezo mmoja. Jicho la mbali halisomi rangi kwanza. Linasoma kilichokolea na kilichopauka, halafu rangi zinafuata kama pambo.

Kwa hiyo lundo lako ligawe mawili tu, weusi na weupe. Weusi ni chochote kilichokolea: buluu ya usiku, kahawia, kijani cha mgomba uliokomaa, damu ya mzee. Weupe ni chochote kilichopauka: krimu, waridi, njano laini, buluu ya anga. Ukibishana na kipande, usikiangalie peke yake. Kiweke juu ya kimoja kutoka kila lundo, kaza macho nusu, uone kinazama wapi. Njia nyingine ni kuvipiga picha kwa simu na kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Simu haina upendeleo.

Watabaki wa katikati, na kwenye vitenge wa katikati ni wengi sana. Hapa lazima nikae kidogo, maana vitenge vina tabia ambazo kitambaa cha maua madogomadogo hakina.

Ua la kitenge linaweza kuwa kubwa kama sahani. Ukikata tepe mbili kutoka kitenge kimoja, moja inaweza kuangukia kwenye ua la krimu na nyingine kwenye uwanja wa buluu nzito. Hizo si tepe za kitambaa kimoja tena. Moja ni mweupe, nyingine ni mweusi. Kwa hiyo chambua baada ya kukata, si kabla. Jambo la pili ni upande wa nyuma. Kitenge cha waksi halisi kina rangi karibu sawa pande zote mbili. Vile vya bei nafuu vimechapwa upande mmoja tu, na khanga pia ni hivyo hivyo, kwa hiyo nyuma vimepauka. Nyuma hapo ni zawadi. Kitenge cha katikati ukikigeuza kinakuwa mweupe, na kwa kuwa ni mchoro ule ule, kinaelewana na mwenzake wa mbele bila wewe kufanya lolote. Mafundi wananicheka ninaposhona kitambaa nje ndani. Wacha wacheke.

Wa katikati waliokataa kabisa kuchagua upande, waweke kando. Watatumika kidogokidogo, na kamwe wasikae jirani na utepe wa kati, nitakaoueleza sasa hivi.

Vitu vya kuandaa

Miraba itakuwa 48, sita kwa upana na nane kwa urefu. Kila mmoja ukishaunganishwa utakuwa inchi 9, kwa hiyo blanketi litatoka inchi 54 kwa 72. Kitanda cha futi 3 na nusu kina upana wa inchi 42, maana yake inchi 6 zitaning'inia kila upande. Hesabu hiyo ya sita na nane usiibadilishe ovyo: mipangilio miwili kati ya mitatu ya mbele inataka namba shufwa pande zote.

Kitambaa cha chini, ambacho nitakiita msingi, kinatoka kwenye shuka chakavu la pamba. Kwenye masoko ya Memorial au Kiboriloni mashuka ya mitumba hayakosekani. Chagua laini lisilo na maua makali yatakayoonekana kwa juu. Shuka la futi 5 kwa 7 na nusu linatoa miraba 48 ya inchi 10 na linabaki. Wengine hushonea kwenye karatasi na kuichana mwishoni. Mimi nimeacha, kuchana karatasi 48 kunalegeza mshono, na shuka likibaki ndani linaongeza joto. Julai wingu likilala juu ya mlima wiki nzima, kila uzi una maana.

Nunua yadi 1 na nusu ya poplini ya rangi moja isiyo na ua. Yadi moja ni ya utepe wa kati wa miraba yote, nusu yadi ni ya pindo. Rangi yake isiwe nyeusi wala nyeupe, iwe ile inayoonekana ikikaa katikati ya vyote viwili. Mimi natumia njano ya haradali. Nyekundu inavutia lakini ina hila ya kuchuja.

Mwisho, nenda kwa fundi vioo. Mwambie akukatie kioo cha mraba wa inchi 9 na nusu, nene kidogo, na akisugue kingo zisikukate. Juu yake chora kwa kalamu ya kudumu mstari kutoka kona hadi kona. Hiki ndicho kipimo chako. Kadibodi inawezekana, lakini huoni kilicho chini yake, na kuona ndiko tunakokutaka. Kifungie kwenye kitambaa na ukiweke mbali na watoto.

Cherehani yoyote ya kupiga mshono ulionyooka inatosha. Mshono wetu wote ni wa robo inchi, na miguu ya cherehani hailingani, kwa hiyo pima robo inchi kutoka kwenye sindano na ubandike kipande cha plasta hapo kwenye bati kama mpaka. Weka sindano mpya, namba 14, na mishono midogo kiasi, maana tutakata kingo baadaye na mishono mirefu itafumuka.

Kushona mraba

1. Kata misingi 50 ya inchi 10 kwa 10, yaani 48 na miwili ya ziada. Chora kila mmoja mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona.

2. Kata tepe za kati 50 kutoka kwenye poplini, kila moja upana inchi 2 na urefu inchi 15. Kitambaa cha upana wa inchi 45 kinatoa tatu kwa kila mstari, kwa hiyo mistari 17 inatosha. Zikunje kwa urefu, piga pasi upate alama ya katikati, kisha uzifungue.

3. Laza utepe wa kati juu ya msingi, uso juu, alama yake ikae juu ya mstari wa mshazari. Chomeka pini mbili.

4. Chukua utepe mweusi. Uweke juu ya utepe wa kati, uso kwa uso, kingo zao za upande mmoja zikiwa sawa. Shona robo inchi ukipita vitambaa vyote vitatu. Fungua utepe mweusi nje, ugandamize kwa pasi. Nasema kugandamiza, si kuburuza. Pasi ikiburuzwa inavuta tepe zikapinda, na huo mpindo hutauondoa tena.

5. Ongeza utepe mweusi mwingine kwenye ukingo wa ule wa kwanza, uso kwa uso, shona, fungua, pasi. Endelea hadi kona ya upande huo ifunikwe. Tepe za karibu na kati zinahitaji urefu, za konani ni fupi, kwa hiyo anza na mikia mirefu na umalizie na vifupi.

6. Zungusha msingi, ufanye hivyo hivyo upande wa pili wa utepe wa kati kwa weupe.

Utepe wa mwisho wa kona uwe mpana, usipungue inchi 2. Ukimalizia na kijiutepe chembamba, ncha yake yote itaingia kwenye mshono wa kuunganishia, na mahali kona nne zinapokutana utapata bonge gumu kama kokwa la embe.

Usishone mraba mmoja hadi mwisho. Andaa kumi, shona utepe wa kwanza wa kila mmoja zikifuatana chini ya mguu wa cherehani bila kukata uzi katikati, kama mishikaki. Kisha kata nyuzi, piga pasi zote kumi, rudi raundi ya pili. Unaokoa uzi, na kama pasi yako ni ya mkaa hutaisubiri ipate moto kila dakika. Kwa pasi ya mkaa, isafishe majivu kabla. Kipande cha krimu kikipata masizi hakitakuwa krimu tena.

Uchaguzi wa utepe upi ukae karibu na upi, usiumize kichwa. Ingiza mkono kwenye lundo la weusi, kinachotoka ndicho. Nina masharti mawili tu: kile kile kisikae jirani na kile kile, na ule utepe ulio bega kwa bega na haradali uwe mweusi kwelikweli upande mmoja, na mweupe kwelikweli upande wa pili. Wa katikati wasogeze konani, ambako hawana madhara.

Mraba ukijaa, weka kioo juu yake. Mstari wa kioo ulale katikati kabisa ya utepe wa haradali, kona mbili za kioo zikigusa utepe huo. Zungushia chaki, toa kioo, kata kwa mkasi. Hapa usifanye haraka. Mstari ukihama robo inchi, ncha za haradali hazitakutana wakati wa kuunganisha, na kila atakayeliona blanketi atahisi kuna kitu hata asipojua ni nini.

Shona miraba 50 badala ya 48. Ile miwili ya ziada utaielewa muda si mrefu.

Kupanga

Sogeza meza ya sebuleni. Tandika shuka kubwa sakafuni, na juu yake ndipo upange. Watoto wakirudi shule au mgeni akibisha hodi, unaliviringisha shuka na kila kitu kinabaki mahali pake. Kabla ya kuunganishwa miraba itachukua kama futi 5 kwa 6 na nusu.

Kila mraba wako sasa una pembetatu nyeusi na pembetatu nyeupe. Uchawi wote uko kwenye kuizungusha. Nitaeleza mipangilio mitatu.

Wa kwanza ni uru. Nasema uru ya karata, si Uru, ile ya huko juu mlimani. Chukua miraba minne, kona nyeupe zote zielekee katikati. Utaona uru nyeupe iliyozungushiwa mstari wa haradali. Rudia mara 12, tatu kwa upana na nne kwa urefu. Pale makundi yanapokutana, uru nyeusi zinajitokeza zenyewe bila kuitwa. Ndio rahisi kuliko yote na ndio unaosamehe; kama hii ni mara yako ya kwanza, ishia hapa na hutajuta.

Wa pili nauita mifongo, kwa ile mifereji ya wazee inayoshusha maji mashambani Kilimanjaro. Mishazari yote ielekee upande mmoja, lakini mraba mmoja mweusi uwe juu, jirani yake mweusi uwe chini, kama draftibodi, kulia na kushoto, juu na chini. Weupe unaungana na weupe, weusi na weusi, na mifereji mirefu inakata blanketi zima kwa mshazari. Ni mzuri kwa chumba cha kijana asiyetaka maua. Kosa la mraba mmoja linaziba mfereji na linaonekana kutoka barabarani.

Wa tatu ni mawimbi, na ndio ninaoupenda. Ligawe eneo mara nne, kila robo miraba mitatu kwa minne. Katikati kabisa panga uru moja nyeupe ya miraba minne. Kisha kutoka hapo, kila robo iendelee kama mifongo, lakini mishazari ya robo moja iwe kioo cha robo ya jirani. Unapata uru ndani ya uru ndani ya uru, kama jiwe lililotupwa bwawani. Panga robo moja kwanza hadi uridhike nayo, ndipo ugeuzie hizo nyingine tatu. Ukianza kuzunguka kutoka katikati kwa raundi, utapotea raundi ya tatu. Nimepotea mara nyingi.

Umbo likishasimama, rudi sasa kwenye rangi. Rangi ndiyo inayoamua jicho litembee au likwame.

Watafute wapiga kelele. Kila blanketi lina miraba mitano au saba inayopiga kelele: ule wenye machungwa ya sare ya mashangazi, ule wenye jicho kubwa la tausi. Waweke wa kwanza, mbalimbali, wasikae kwenye mstari mmoja, halafu ujaze wapole katikati yao. Wapiga kelele wawili wakikaa pamoja wanafanya baraza, na jicho halitoki hapo. Kwenye kingo nne pendelea wapole. Ukingo wenye kelele unalifanya blanketi lionekane limekatwa kutoka kwenye kitu kikubwa zaidi.

Kisha tafuta kilicho pekee. Njano kali ikitokea mara moja tu kati ya miraba 48, ni kama jino la dhahabu. Hutaona kingine. Ama uitoe, ama uitafutie wenzake angalau wawili uwaweke mbali nayo, jicho lipate njia ya kutoka hapa kwenda kule. Hapo ndipo sare za harusi zinapokuja kuwa na maana: umebeba mabaki mengi ya kitenge kimoja, na kitenge hicho kikionekana kila robo ya blanketi kinawashona wengine wote. Na hapo ndipo miraba yako miwili ya ziada inapofanya kazi. Toa ule unaokukera, weka mwingine, usijieleze kwa mtu.

Baada ya hapo panda kwenye kiti, piga picha. Iangalie ikiwa ndogo kwenye simu, iangalie kichwa chini, iangalie nyeusi na nyeupe. Mraba uliogeuzwa vibaya, ambao umeupita mara ishirini kwa miguu, utakuja mbele mara moja. Kisha liache hadi magharibi. Uliangalie tena jua likizama kabla ya kuwasha taa, umesimama mlangoni. Umbo likisomeka hapo, litasomeka popote.

Kama kuna mraba mmoja uliouacha kombo makusudi, uache. Wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huko Marekani, wameshona vizazi na vizazi kutokana na nguo kuukuu za shamba, mistari ikiyumba na vipimo vikikataa kulingana, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye ukuta wa jumba la makumbusho la Whitney, New York. Tofauti ni kwamba kombo yao ilikuwa na uamuzi nyuma yake. Kombo ya usingizi inajulikana.

Ukiridhika, kata vikaratasi. Safu nane ziwe A hadi H, na ndani ya kila safu miraba iwe 1 hadi 6. Bana kila kikaratasi kwa pini kwenye kona ya juu kushoto ya mraba wake, kila mara kona hiyo hiyo. Kikaratasi kilichobanwa katikati kitakwambia mraba unakaa wapi lakini hakitakwambia kichwa chake kiko wapi, na mraba huu ukizunguka robo tu umeharibu mfongo mzima.

Kuunganisha na kumalizia

Unganisha safu kwa safu, A1 na A2, kisha A3, hadi mwisho, robo inchi ile ile. Pale ncha za haradali zinapotakiwa kukutana chomeka pini moja wima ikipita ncha zote mbili kabla ya kushona. Mshono ufungue pande mbili unapoupiga pasi. Kwa sababu ya msingi wa shuka, ukiulaza upande mmoja unakuwa mnene mno. Safu nane zikiwa tayari, ziunganishe mbilimbili, kisha nnenne, ili usibebe uzito wote kila mara.

Kwa mgongo wa blanketi, doti moja ya khanga inatosha: tenganisha khanga mbili, ziunganishe kwa upande mrefu, utapata kama inchi 59 kwa 86. Khanga hazilingani, zipime kwanza. Weka katikati blanketi jepesi kuukuu ukitaka joto zaidi, au usiweke kitu. Tandaza tabaka zote, nyoosha, kisha funga mafundo kwa uzi mnene wa pamba kwenye kila kona miraba inapokutana na jingine katikati ya kila mraba. Kata tepe saba za upana wa inchi 2 na nusu kutoka kwenye poplini iliyobaki, ziunge, zikunje kwa urefu, upige pindo kuzunguka.

Lifue mara ya kwanza kwa maji ya baridi peke yake, ulianike kivulini kwenye kamba mbili, maana likiwa na maji ni zito na kamba moja italivuta. Mikia iliyobaki irudishe kwenye mfuko wa sandarusi. Makombo ya chini ya inchi moja yafunge pembeni. Kijana wa mito atayapitia.